Namlilia mtu ambaye sikuwahi kumwona: je, nina haki?

Swali: "Nina miaka 36, naishi Morogoro, ni fundi cherehani na mama wa watoto wawili. Kwa miaka minne nimekuwa kwenye kundi la WhatsApp la watunzi wa mashairi. Tuko kama 80 na wengi hatujawahi kuonana. Aliyetulea ni mzee mmoja wa Tanga ambaye tulimjua kwa lakabu yake tu. Kila usiku baada ya saa 3 alikuwa anasoma mashairi yetu kwa sauti, moja moja, na kutuonyesha penye guni, yaani palipovunja kanuni za utunzi. Nilipoanza sikujua hata mizani, yaani hesabu ya silabi za mshororo, ni nini. Miezi miwili iliyopita alikaa kimya siku tisa, kisha mwanawe akaandika kwa simu yake kwamba baba amefariki, ameshazikwa na hitima imeshasomwa. Kumbe alikuwa anaumwa figo na hakutuambia. Tangu hapo silali vizuri. Nasikiliza sauti zake usiku kwa kujificha. Mume wangu ananiuliza, unamlilia vipi mtu wa kwenye simu, kwani alikuwa nani yako? Ujumbe wake wa mwisho kwangu ulikuwa wa kunisahihisha mshororo mmoja, nami sikumjibu. Kundini sasa ni ugomvi: wengine wanataka namba yake iondolewe, wengine wanasema huko ni kumfukuza marehemu, na kuna anayetaka kutoa mashairi yake kitabu. Je, nina ugonjwa wa akili? Niende Tanga kuwapa pole au nitaonekana kituko? Na hizi sauti nizifute?"

Jibu:

Pole sana, dada yangu. Nakupa pole ileile ninayompa mtu yeyote aliyefiwa, kwa sababu umefiwa. Nadhani ni watu wachache mno waliokutamkia neno hilo tangu siku ile, na hapo ndipo tatizo lako kubwa lilipo.

Nianze na swali la mumeo, maana linaonekana limekuingia mpaka na wewe unajiuliza. Alikuwa nani yako? Alikuwa mwalimu wako. Kwa miaka minne, usiku zaidi ya 1,000, mtu mzima mwenye ujuzi alichukua maneno uliyoyatunga, akayasoma kwa sauti yake mbele ya watu, akakuambia hapa umepatia na hapa umekosea. Wengi wetu hatukuwahi kupata mtu wa hivyo hata katika shule tulizosoma kwa kukaa darasani. Kwamba hukumshika mkono hakuondoi lolote katika hayo.

Wala si jambo jipya lililoletwa na simu. Gazeti la Mambo Leo lilipoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, washairi walianza kujuana kurasani. Mtu wa bara alikuwa anapeleka beti zake kwa posta, anajibiwa na mtu wa pwani, wanalumbana na kuheshimiana bila kuonana uso kwa uso. Mmoja wao akifa, wenzake walimlilia kwa beti. Lugha yetu ina hata utanzu wa kazi hiyo, tunaouita marathia. Kwa hiyo mtu akikuambia kuwa kumlilia malenga usiyemwona ni wazimu wa siku hizi, ujue hajui historia ya ushairi wa Kiswahili.

Sasa nikueleze kinachotokea ndani yako. Ubongo wetu hujenga ukaribu kwa marudio. Ukisikia sauti ileile, saa ileile, ikikutaja jina na kukujali, ubongo unaanza kuitarajia kama unavyotarajia adhana au kengele ya shule ya jirani. Ikifika saa 3 usiku, mwili wako wenyewe unajiweka tayari. Mtu huyo akifa, akili inaelewa habari siku ileile, lakini yale matarajio hayafi kwa tangazo. Yanajifunza polepole, usiku mmoja mmoja, kila yanapongoja na kukosa. Ndiyo maana huzuni yako ina saa yake. Sitashangaa kama mchana unashona vizuri tu, unacheka na wateja, halafu usiku unaporomoka.

Kwako kuna ugumu wa ziada. Aliyefiwa na mtu wa nyumbani anaona kitanda kitupu, anaona jeneza, anashika udongo. Wewe ulichokiona ni maandishi kwenye kioo. Kwa mtu uliyemjua kwa simu, kufa na kukosa mtandao vinafanana kabisa. Ukimtumia ujumbe leo utaona tiki moja, ileile uliyokuwa unaiona akiwa ameishiwa bando. Hivyo sehemu fulani ya akili yako inaendelea kungoja tiki ya pili. Usijione mjinga kwa hilo. Ulinyimwa ushahidi wa kifo ambao macho na mikono vinauhitaji.

Pia ulinyimwa matanga. Tunayazoea mpaka hatuoni kazi yake. Watu wanaketi mkekani, kahawa inazunguka, kila anayeingia anauliza, "Ilikuwaje?" na mfiwa anasimulia upya. Akifika mara ya ishirini, kisa kimeanza kukaa mahali pake kifuani. Wewe hukuulizwa hata mara moja. Ulipata habari, labda ukiwa na futi ya kupimia shingoni na mteja mbele yako, ukameza. Mwaka 1989 mtaalamu wa Marekani, Kenneth Doka, aliandika juu ya huzuni ya namna hii, ile ambayo jamii haiitambui na hivyo haimpi mwenyewe nafasi ya kulia hadharani. Alionyesha kuwa kutokutambuliwa huko ni mzigo wa pili juu ya msiba wenyewe. Naamini kabisa kwamba mzigo huu wa pili ndio unaokunyima usingizi kuliko ule wa kwanza.

Swali lako la ugonjwa wa akili nalijibu moja kwa moja. Kwa ulivyojieleza, na kwa miezi miwili, hapana. Una huzuni isiyokuwa na pa kukaa.

Kuna mambo mawili watu watakuambia nami nataka uyajue kabla hayajakuchanganya. La kwanza ni zile "hatua tano za huzuni" zinazozunguka mitandaoni, kwamba utakataa, utakasirika, utajadiliana, utazama, mwisho utakubali. Zilitokana na kazi ya daktari Elisabeth Kübler-Ross ya mwaka 1969, na yeye alikuwa anazungumza na wagonjwa wanaokaribia kufa wao wenyewe, si na wafiwa. Wafiwa wengi hawapiti ngazi kwa ngazi. Ninachokiona mimi kinafanana zaidi na walichokieleza Margaret Stroebe na Henk Schut wa Uholanzi mwaka 1999: mtu anakwenda na kurudi. Saa hii amezama katika kumkumbuka marehemu, saa ijayo anahangaika na ada ya mtoto, kesho anarudi kulia. Huku kwenda na kurudi ndiko kupona kwenyewe. Kwa hiyo siku ukijikuta umecheka usijilaumu, na ukilia tena baada ya wiki mbili nzuri usiseme umerudi nyuma. La pili ni arobaini. Arobaini inawakusanya watu kwa dua, inaleta heshima, lakini haijapewa kazi ya kukata huzuni. Yeyote anayekuambia "si arobaini imeshapita" anachanganya mambo mawili.

Kuhusu mumeo nitasema kwa upole, maana sijamsikia yeye. Jiweke mahali pake. Mke anaamka usiku, anajifunika shuka, anasikiliza sauti ya mwanamume asiyemjua, na akiulizwa anafuta machozi. Hata mtu mwema ataingiwa na wasiwasi, na wasiwasi huo unaweza kutoka mdomoni kama dhihaka. Ninachokushauri ni kuacha kujificha. Chagua sauti moja ambamo mzee anasahihisha shairi lako, isikilizeni pamoja baada ya chakula, watoto wakiwepo. Mweleze, huyu ndiye aliyenifundisha, na shairi lenyewe ni hili. Wanaume kadhaa wamewahi kuniambia kwamba walianza kuelewa siku walipoonyeshwa alichopoteza mke, si siku walipoombwa wavumilie.

Sauti usizifute. Kuna imani kwamba ukihifadhi sauti ya marehemu hutapona, au kwamba unamsumbua alipo. Kwa upande wa dini, muulize kiongozi wako wa dini. Kwa upande wangu, kubaki na kumbukumbu ya mtu hakuzuii kupona, na wafiwa wengi hupona wakiwa bado wana uhusiano na marehemu wao kwa namna mpya. Ninachokitazama ni jinsi unavyozisikiliza. Ukisikiliza moja ukalia ukalala, sawa. Ukisikiliza thelathini mfululizo mpaka saa 9 usiku, kila siku, sauti zinakuwa kama dawa unayoongeza dozi mwenyewe. Zipangie muda wake, kabla ya kupanda kitandani, na simu ilale chumba kingine. Tena uzihamishie mahali pengine pa salama, kwenye kompyuta ya mtu unayemwamini au kadi ya kumbukumbu. Simu huibiwa, simu huanguka kwenye ndoo ya maji, na kufiwa na sauti zile kwa ghafla kungekuwa msiba mwingine.

Tanga, nenda. Kama mwili na nauli vinaruhusu, nenda.

Najua hofu yako ni kuonekana kituko, kwa hiyo nikusimulie jambo lililotokea Norway. Kijana Mats Steen alikuwa na ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli, akafariki Novemba 2014 akiwa na miaka 25. Miaka yake ya mwisho aliitumia kwa sehemu kubwa kwenye kiti cha magurudumu mbele ya kompyuta, akicheza mchezo wa mtandaoni uitwao World of Warcraft, humo akijulikana kwa jina la Ibelin. Wazazi wake walikuwa wanamsikitikia kwamba ameishi bila marafiki. Alipofariki, baba yake aliandika tangazo la kifo kwenye ukurasa wa mwanawe. Barua zikaanza kuingia kutoka kwa watu wa nchi mbalimbali, kila mmoja akieleza jinsi Mats alivyomsaidia kusimama. Baadhi yao walisafiri kutoka nchi nyingine za Ulaya wakafika mazikoni. Wazazi walimfahamu mtoto wao upya akiwa ameshakufa, na waliomfahamisha kwao ni watu ambao hawakuwahi kuingia nyumbani kwake.

Fikiria basi nyumba ile ya Tanga. Mjane na watoto walimwona mzee ameshika simu kila usiku, anasoma peke yake barazani. Inawezekana hawakujua kwamba upande wa pili kuna fundi cherehani wa Morogoro anahesabu mizani kwa vidole. Hata lakabu yake huenda hawaijui, kama ninyi msivyolijua jina lake la nyumbani. Hapo utakuwa umewapelekea sehemu ya baba yao ambayo hawakuwa nayo.

Lakini nenda kwa adabu za mahali. Usiende peke yako. Mwanamke mgeni anayetokea na machozi kwa ajili ya mume wa mtu atazua maswali ambayo mjane hastahili kuyabeba sasa. Mpigieni kwanza yule mwanawe, mwambieni ninyi ni wanafunzi wa baba, mnaomba siku ya kuja kutoa pole. Mwende watatu au wanne, wanawake na wanaume. Kwa kuwa ni miezi miwili tu, mjane bado yumo edani, maana eda ya kufiwa ni miezi minne na siku kumi. Ninyi wanawake mtaingia kwake. Wanaume wakae na vijana wa marehemu barazani, wasitarajie kumwona. Pelekeni ubani. Msikae sana. Mkiruhusiwa, mwende kaburini, kwa sababu macho yako yana haja ya kuona kile ambacho yale maandishi hayakukuonyesha. Mume wako akikubali kufuatana nawe, hilo ni bora kuliko yote niliyoyasema. Safari ya kupita Chalinze na Segera ni ndefu ya kutosha watu kuzungumza.

Ugomvi wa kundi sasa. Pande zote mbili zinasema kweli, ila hamjui kwamba WhatsApp yenyewe itawaamulia. Akaunti isiyotumika kwa muda wa siku 120 kwa kawaida hufutwa, na ikifutwa mwenyewe hutoka katika makundi yote. Msipojiandaa, asubuhi moja mtaona mstari mdogo wa kijivu unaosema kuwa mzee ameondoka kundini. Nimeshuhudia mtu akilizwa na mstari huo zaidi ya siku ya habari ya kifo. Tena laini isiyotumika muda mrefu hurudi kwa kampuni na baadaye huuzwa kwa mtu mwingine, na siku moja picha ya kijana usiyemjua itakaa juu ya namba ya mwalimu wako. Mimi ningewashauri mwiondoe namba wenyewe, kwa tangazo, kwa siku mliyokubaliana, baada ya kila mtu kuhifadhi anachotaka. Wekeni picha ya mzee kuwa picha ya kundi kwa muda, familia ikiridhia. Na kama yeye peke yake ndiye aliyekuwa admini, mwombeni mwanawe kabla laini haijafa awape wawili wenu uadmini, la sivyo uadmini unaweza kumwangukia mtu yeyote ambaye hamkumchagua. Jambo jingine la tahadhari: ujumbe wowote wa kuomba michango, hata ukitoka namba ya marehemu, uthibitishwe kwa kumpigia mwanawe na kuisikia sauti yake kwanza. Matapeli wanaipenda misiba ya namna hii.

Kitabu ni wazo jema lililoanzia mahali pabaya. Mashairi ya mzee ni mali ya warithi wake. Sheria ya Tanzania hulinda kazi ya mtunzi katika uhai wake na miaka 50 baada ya kifo chake, na kuwa kwenye simu zenu hakujaifanya kazi yake kuwa yenu. Ombeni ruhusa ya familia kwa maandishi, baada ya eda, si siku ya kupeleka pole. Kazi mnayoweza kuianza leo ni kukusanya: kila mmoja atafute katika simu yake, aandike tarehe, anakili beti sawasawa bila kurekebisha kitu. Hata familia ikikataa kuchapisha, mkusanyo huo wakabidhiwe watoto wake.

Wakati mnangoja, jaribuni takhmisa. Unaijua: unachukua ubeti wa mwenzako, unatanguliza mishororo yako juu yake mpaka itimie mitano, na ya kwake inabaki chini haijaguswa. Kila mwenye uwezo kundini achague ubeti mmoja wa mzee. Mkutane saa 3 usiku, saa yake, mmoja asome kwa sauti. Nina sababu ya kitabibu ya kupenda jambo hili, si mapenzi yangu ya ushairi peke yake. Ile saa iliyobaki tupu inapata kazi, na wewe unasikika ukiomboleza mbele ya watu waliompoteza mtu yuleyule. Usiku mmoja wa hivyo hautatosha. Fanyeni kadiri mnavyohitaji, halafu punguzeni.

Kuna hali ambazo jibu la kusoma halitoshi, na hapo nataka uende kwa mtu wa kukuona uso kwa uso. Ukikosa usingizi usiku mwingi kwa wiki zijazo, ukakosa hamu ya chakula, kazi za wateja zikaanza kulala kwenye meza, nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, uliza idara ya afya ya akili au afisa ustawi wa jamii. Usinunue vidonge vya usingizi duka la dawa kwa ushauri wa muuzaji, maana baadhi yake huleta utegemezi haraka. Huzuni ikibaki na makali haya haya kwa miezi mingi, huwezi kuamini kuwa amekufa, maisha yote yamepoteza ladha, hiyo ina jina lake na matibabu yake. Shirika la Afya Duniani linaihesabu kuanzia miezi 6, na madaktari wa akili wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2022, husubiri miezi 12 kwa mtu mzima. Lakini likikujia wazo la kujidhuru, au la kutamani kumfuata, usihesabu mwezi wala siku. Mwambie mumeo au jirani saa hiyohiyo, wakupeleke hospitali, na usibaki peke yako. Na kama kifo hiki kimefufua kifo kingine, cha mzazi labda, ambacho hukukililia wakati wake, mweleze mshauri hilo kwanza.

Nimeuacha ule ujumbe wa mwisho kwa makusudi. Unajilaumu kwamba hukumjibu. Akili ya mfiwa hupenda kutafuta kosa la kushika, kwa sababu kosa lina nafuu kuliko kutokuwa na uwezo wowote. Hukujua anaumwa. Aliamua kutowaambia, na uamuzi huo ulikuwa wake. Hebu utazame ujumbe wenyewe alivyouacha: mgonjwa wa figo, siku zake zimebaki chache, anahesabu mizani ya mshororo wako mpaka anaona mmoja umezidi. Mtu hamfanyii hivyo anayemwona si kitu. Na masahihisho ya mwalimu hayajibiwi kwa "asante" peke yake.

Kwa hiyo kabla ya safari, kaa na shairi lile. Urekebishe ule mshororo, uhesabu mizani kwa vidole kama alivyokufundisha, ulinakili safi kwa mkono wako, na chini yake uandike lakabu yake kuwa ndiye aliyelisahihisha. Ukifika Tanga umpe mjane. Akitaka umsomee, msomee.